Mdudu Kwanza, Simu Baadaye: Mwongozo wa Kufundisha Wadudu kwa Simu na Kishikwambi

Huku Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai saa moja asubuhi, panzi haruki. Unamkuta kwenye nyasi kando ya uwanja wa shule, umande umemjaa mgongoni, miguu imekakamaa. Unamsogezea simu hadi inakaribia kumgusa, naye ametulia kama kachongwa. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha, kwa hiyo anasubiri jua limpashe ndipo aanze siku. Nusu saa hiyo, kabla jua halijapanda, ndiyo maabara yangu bora kuliko zote.

Kwa miaka nilifundisha wadudu kwa kuchora panzi ubaoni: kichwa, kifua, tumbo, mishale mitatu. Watoto wananakili, mtihani wanafaulu. Halafu tukitoka nje mtoto yuleyule anakimbilia buibui akipiga kelele, "Mwalimu, mdudu!" Simlaumu. Kiswahili chetu humwita mdudu kila kinachotambaa, kuanzia jongoo hadi vijidudu vya magonjwa, na pale Mwanjelwa ukiagiza "mdudu" unaletewa kitimoto (nyama ya nguruwe) na ndizi.

Nayaandika haya kwa mwalimu mwenzangu mwenye simu moja, pengine na kishikwambi kimoja, na watoto themanini. Nimeyajaribu kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Wa sekondari wataenda mbele zaidi.

Hatua ya 1: Wahesabishe miguu kabla hujatoa simu mfukoni

Mdudu halisi ana sehemu tatu za mwili, miguu sita na papasio mbili kichwani. Buibui ana miguu minane na sehemu mbili tu za mwili, kwa hiyo anatoka. Kupe anatoka. Tandu na jongoo wanatoka. Waandikie ubaoni, kisha watoke nje na daftari peke yake.

Watarudi na tatizo, na ndilo unalolitaka: kiwavi. Miguu yake ni mingi, mbona anaitwa mdudu? Hapo sasa toa simu. Piga picha ya kiwavi kwa ubavu, ikuze kwenye kioo, uwaulize miguu inafanana yote au la. Wataona mitatu kila upande, karibu na kichwa, yenye viungo na ncha kali. Iliyobaki nyuma ni vinundu laini vya kushikia jani, na nondo akitoka baadaye hanavyo. Somo hili halikai kichwani kwa mchoro wa chaki. Kwa picha iliyokuzwa linakaa.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa, na uwe makini na chandarua

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baadaye, na shuleni vingi vimelala kabatini vikisubiri chaji. Amsha chako. Kamera yake si kali kama ya simu nyingi za siku hizi, ila kioo kikubwa kinafaa watoto wanane kutazama pamoja. Picha piga kwa simu, utazamaji fanyia kwenye kishikwambi. Wanafunzi hawaji na simu shuleni, kwa hiyo panga makundi: moja linapiga picha nawe, jingine linapima, jingine linachora, mnabadilishana.

Zaidi ya hapo unahitaji karatasi ya grafu, rula, vikombe vya plastiki vinavyopitisha mwanga, kipimajoto cha kawaida cha ukutani (simu yako inasoma joto la betri yake, haisomi la hewa) na kitambaa cha kufunikia vikombe.

Kwenye kitambaa nikuonye. Mwaka wa kwanza nilikata chandarua kikuukuu nikafunika vikombe kumi na viwili vya viwavi. Keshoyake asubuhi vikombe kumi na viwili vilikuwa na maiti. Nilikuwa nimesahau kwamba vyandarua vya kugawiwa vina dawa ndani ya uzi wake. Baada ya kukasirika nikaligeuza kuwa somo, maana dawa hiyo ina ukoo wa jirani: ni ya jamii ya kemikali zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya asili iliyomo kwenye maua ya pareto, haya haya yanayolimwa nyanda zetu na kusindikwa Mafinga. Sumu hiyo huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu hadi anapooza. Siku hizi nafunika kwa kitambaa cha pamba.

Hatua ya 3: Piga picha inayoweza kujibu maswali

Picha nzuri ya ukutani na picha ya kujifunzia ni vitu viwili. Ya kujifunzia inahitaji pande tatu: juu, ubavu na uso. Wadudu wengi hutambuliwa kwa vitu vidogo, kama mishipa ya bawa au alama ya usoni, na picha moja ya mgongoni haitakuambia lolote.

Weka kipande cha karatasi ya grafu kando yake au chini yake. Miraba ya milimita moja ndiyo rula yako. Bila hiyo mbawakawa wa sentimita nne na wa milimita nne ni mtu na ndugu yake.

Usivute picha kwa vidole wakati wa kupiga, maana simu nyingi zinaharibu tu ubora. Sogea mpaka picha ianze kufifia, rudi nyuma kidogo, gusa kioo pale alipo mdudu ili kamera imlenge yeye, piga, ukate kingo baadaye. Lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera inasaidia sana. Kama huna, tone moja la maji safi juu ya lenzi, simu ikigeuzwa polepole tone lining'inie, linakuza kwa kushangaza. Simu yenye ufa kwenye lenzi usiitilie maji.

Mwanga wa simu uzime, kwa sababu kwenye gamba la mbawakawa unaacha doa jeupe linaloficha kila kitu. Mtoto mmoja ashike daftari lililofunguliwa upande wa pili wa jua. Kurasa nyeupe zitarudisha mwanga kwenye kivuli.

Kipindi kikiangukia saa saba mchana, wadudu wameshachangamka. Mweke kwenye kikombe, kikombe ukiweke dakika chache juu ya barafu au kwenye friji ya jirani wa shule. Atapoa, atatulia, utapiga picha tatu, na akipata joto ataondoka zake mzima.

Mambo ya usalama ni machache ila hayana mjadala. Viwavi wenye nywele hawashikwi. Mzinga hausogelewi. Yupo pia mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi anayependa taa usiku; ukimponda juu ya ngozi, maji yake yanaleta malengelenge. Mpulize aondoke.

Hatua ya 4: Kisia kwanza, ndipo uulize simu

Hii ndiyo hatua walimu wengi wanaipindua. Wanapakua programu, wanalenga kamera, jina la Kilatini linatokea, watoto wanapiga makofi, kipindi kimekwisha. Wamejifunza nini? Kwamba simu ina akili.

Mimi nadai mistari mitatu kwenye daftari kabla programu haijafunguliwa: nadhani ni nani, kwa sababu gani, na nini kingenifanya nibadili mawazo. "Nadhani ni kumbikumbi kwa sababu ana mabawa manne. Nitabadili mawazo nikiona kiuno chembamba." Sentensi hiyo aliiandika msichana wa darasa la sita, Novemba, siku ya mvua za kwanza, na ina uzito kuliko jina lolote la Kilatini. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, na mabawa yao manne yana urefu sawa. Sisimizi wenye mabawa, wanaoruka majira hayohayo, wana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno kilichobanwa na papasio zilizopinda kama kiwiko. Kwa picha mbili za karibu zikiwekwa bega kwa bega, kila mtoto anaona.

Baada ya hapo fungua programu. Seek ni rafiki wa mwalimu wa huku kwetu kwa sababu haidai akaunti, na utambuzi wake unafanyika ndani ya simu yenyewe, hata mtandao ukiwa umekatika. Ni nzito, kwa hiyo ipakue ukiwa mjini kwenye waifai. Kwa wadudu na magonjwa ya mahindi na muhogo ipo PlantVillage Nuru, inayoongea Kiswahili na inayofanya kazi shambani bila bando. Dada yake Seek, iNaturalist, ni jukwaa la watu: unapandisha picha na mahali ilipopigwa, wajuzi duniani wanajadili jina. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili juu ya spishi, na picha ina tarehe na mahali, kumbukumbu yako inapanda kuwa ya daraja la utafiti na wanasayansi wanaweza kuitumia. Akaunti iwe yako mwalimu, maana watoto wa chini ya miaka 13 hawafungui ya kwao. Mahali pafiche kwa kuchagua ramani isiyoonyesha nukta kamili, hasa picha ikipigwa nyumbani kwa mwanafunzi. Sura ya mtoto isionekane.

Ujue programu hizi zina upofu. Zimefundishwa kwa mamilioni ya picha, na sehemu kubwa zilipigwa Marekani na Ulaya. Mbawakawa wa Rungwe zinaweza kumwita kwa jina la binamu yake wa Texas bila aibu. Ndiyo maana swali la kwanza baada ya jibu la simu ni: huyu anaishi wapi? Fungua ramani yake. Kama nukta zote ziko ng'ambo ya bahari, rudini kwenye daftari. Seek ikigoma kwenda mbali zaidi ya familia, yaani kundi la spishi zenye undugu, wasihuzunike. "Familia ya panzi" ni jibu la kweli. Jina la spishi lililobahatishwa ni uongo uliovaa suti.

Hatua ya 5: Fugeni kiwavijeshi kwenye vikombe

Kama utafanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hili, kati ya Januari na Machi, mahindi yakiwa magotini.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni mabara ya Amerika. Afrika aligunduliwa mwaka 2016, Tanzania mwaka uliofuata, na leo hakuna mtoto wa mkulima nyanda za juu asiyejua kinyesi chake kama unga wa mbao kwenye moyo wa hindi. Lakini kumjua kwa sura ni kitu kingine. Piga picha ya uso: utaona mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Piga ya mgongo karibu na mkia: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kuna madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Alama hizo mbili zinamtofautisha na bungua wa mabua na viwavi wengine shambani. Kwa macho matupu ni kubahatisha. Kwenye kioo cha kishikwambi hata wa nyuma kwenye kundi anaona.

Kusanyeni kumi na wawili. Kila mmoja akae peke yake kwenye kikombe chake, kwa sababu hawa wanalana. Usipoamini weka wawili pamoja. Kesho yupo mmoja, mnene. Weka udongo mkavukavu wa sentimita nne chini, kipande cha jani bichi la hindi juu, ubadilishe jani kila siku. Kila kikombe kina namba na kina mtoto anayewajibika.

Kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, kiwavi anawekwa juu ya karatasi ya grafu, anapigwa picha, urefu unasomwa kwa miraba, joto la ukutani linaandikwa. Mtamwona akijivua ngozi mara kwa mara na kila mara kichwa kinatoka kikubwa zaidi. Kwa kawaida hupitia ngazi sita kabla ya kuzama udongoni kuwa pupa, yaani ganda ambamo anageuka nondo. Picha zipangwe kwenye folda moja kwa kila kikombe, jina la faili likianza na tarehe. Mwisho zipitishe haraka moja baada ya nyingine: mwezi mzima wa maisha unapita kwa sekunde ishirini.

Kwenye joto la nyuzi 28 hivi, safari kutoka yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja. Penye baridi inaweza kuvuka miezi miwili. Sasa fikiria: Uyole ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Kyela kule ziwani ni chini ya mita 600. Tafuta mwalimu wa Kyela, fungueni kundi la WhatsApp, mwanze siku moja na viwavi wa urefu mmoja, mtumiane picha na vipimo kila Ijumaa. Watoto wachore mistari miwili kwenye grafu moja. Wa kwetu walilalamika kwamba wenzao "wanalisha sana". Hatukuwajibu mpaka wao wenyewe walipoitazama safu ya joto.

Viwavi wenyewe hawasafirishwi, zinasafiri picha. Na mradi ukiisha usiwaachie nondo hao. Ni warukaji wa mbali mno, wanaweza kukata hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja wakisaidiwa na upepo. Vikombe viingie kwenye maji ya sabuni.

Walimu wa Ilula na Kilolo, kwenye nyanya nyingi, badilisheni mfano: kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, anachimba njia ndani ya jani. Shika jani dhidi ya jua, piga picha kutoka chini, utaona funza amelala kama ndani ya bahasha.

Wanaotaka kitu cha kupendeza zaidi waangalie mlimao wa shule. Kuna kiwavi mdogo anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani, ukimsumbua anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ni kipepeo mkubwa wa michungwa. Pupa yake ikianza kuonyesha rangi za mabawa kupitia ganda, funga simu kwenye kigoda kwa raba, ichomeke kwenye chaji au pawabenki, uiwashe kwenye mtindo wa picha za kuvuta muda (time-lapse).

Hatua ya 6: Sikiliza mabawa

Hii ni ninayoipenda mimi. Mlio wa nzi na mbu hautoki mdomoni. Ni mabawa yanayopiga hewa, na idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo kimo cha sauti. Pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, au hata programu yoyote ya kutyuni gitaa inayoonyesha hezi, yaani mapigo kwa sekunde. Mweke nzi kwenye kikombe cha karatasi, ukiziba kwa kadi, ugusishe maiki ya simu kwenye kikombe, darasa zima linyamaze. Nzi wa nyumbani huwa karibu na hezi 200. Nyuki akiruka ni kama 230. Mbu jike hupanda juu ya 400, ndiyo maana sauti yake ni nyembamba. Waulize kabla ya kupima: mbawakawa mkubwa atakuwa juu au chini?

Wanakwaya watakuwa wa kwanza kujibu.

Usiku rekodini nyenje kwa dakika moja, Juni na tena Novemba, mhesabu milio. Kwenye baridi wanaimba polepole.

Hatua ya 7: Shuka jeupe

Usiku usio na mbalamwezi, tundika shuka jeupe ukutani, taa mbele yake, saa moja hadi saa tatu. Nondo, mbawakawa na vunjajungu watakuja wenyewe. Walimu wa Matema mna zaidi ya hili: mawingu ya wadudu wadogo yanayoinuka juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, ambayo watu huyakusanya na kuyakandamiza kuwa mikate ya kitoweo. Video moja ya wingu hilo tumeni huku juu, watoto wetu hawaamini. Mkienda Kitulo, pigeni picha tu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mdudu wa pale hachukuliwi bila kibali.

Hatua ya 8: Hifadhi, onyesha

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na kupoteza tarehe na mahali ilipopigwa, na hapo uso wa kiwavi unakuwa uji. Itume kama dokumenti. Vipimo viingie kwenye jedwali la Excel lenye safu tano tu: tarehe, kikombe, urefu, joto, maoni. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuchora grafu kutoka hapo kwa kubofya mara tatu.

Projekta hatuna. Tunatumia runinga ya ofisi ya walimu yenye tundu la flashi: picha zinanakiliwa kwenye flashi, runinga inabebwa hadi darasani na vijana wanne, waya unavutwa dirishani. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye kikao cha wazazi cha Aprili. Mzee mmoja alitazama uso wa kiwavijeshi umejaa kioo kizima, hakusema kitu. Jumatatu saa moja na nusu alikuwa getini na kiberiti mkononi.

"Mwalimu, huyu naye ana Y?"

Tulimwita mtoto wa kikombe namba saba, akamweka kwenye karatasi ya grafu, akapiga picha ya uso, kisha ya mkia, akahesabu madoa kwa kidole.

"Hana, babu. Huyu ni bungua."